Nani Asema Nchi Hii Ilikuwa Pori Tupu?

Liko neno moja tulilolisikia mara nyingi mno, nasi tumelinyamazia muda mrefu kupita kiasi. Tumelisikia barazani, tumelisikia darasani vinywani mwa walimu wenzetu, na, twaona haya kulisema, tumelisikia hata kanisani siku ya mavuno. Neno lenyewe ni hili: ya kuwa wazee wetu wa zamani hawakuifanyia nchi kazi yo yote. Walikaa juu yake kama ndege akaavyo juu ya mti; wakala ilichozaa, na ilipokwisha wakahama. Wanaolisema hawana uchungu. Hulisema wakicheka, na wasikilizaji hucheka pamoja nao. Sisi leo hatucheki. Twawauliza watu hao swali moja tu: Ninyi mmejuaje?

Wakiulizwa hivyo, wengi hujibu kwamba hapana kitabu kilichoandika kazi ya wazee. Neno hilo ni kweli, walakini si hoja. Hapana kitabu kilichoandika jinsi mama alivyofagia uwanja asubuhi ya leo, lakini mgeni akifika hutambua kwamba uwanja umefagiwa, na kama ana macho mema huziona hata alama za ufagio, akajua mfagiaji alianzia upande gani. Ardhi nayo huandika. Jembe lililoipiga, moto uliowashwa juu yake, mfereji uliokatwa ndani yake, ng'ombe aliyelala zizini mwaka baada ya mwaka, vyote vimeacha alama, na wako wataalamu ambao kazi yao ni kuzisoma. Huitwa wanaakiolojia, yaani wachunguzi wa mambo ya kale. Wengi wetu twadhani kazi yao ni kutafuta mafuvu na vyungu vya kuwekwa katika makumbusho. Ni kweli, hiyo ni sehemu ya kazi yao. Lakini kwa miaka mingi sasa wengi wao hawatazami chungu peke yake. Watazama nchi nzima, mlima na bonde, msitu na shamba, njia ya maji na njia ya ng'ombe, wakiuliza mtu aliifanyia nini nchi hiyo, na nchi nayo ilimtendea nini mtu.

Wengine hujibu kwa ukali zaidi: "Kama walifanya kazi, kazi hiyo iko wapi? Tuonyesheni." Jibu hili twalipenda kuliko lile la kwanza, maana laweza kujibiwa kwa miguu. Mwenye kulisema na aende Engaruka.

Engaruka iko katika Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha, chini ya ule ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Ziwa Manyara. Msafiri akisimama hapo huuona mlima wa Kerimasi, na mbele yake Oldonyo Lengai, mlima wa moto. Ni nchi kavu. Mvua yake haimtoshi mkulima kuitegemea mwaka hata mwaka. Walakini kutoka nyanda za juu, kwenye misitu na mawingu, hushuka mto usiokauka, na pembeni yake viko vijito vingine ambavyo siku hizi huonekana wakati wa mvua tu. Na chini ya ukuta ule, mahali palipojaa mawe ya kuudhi ambapo mtu mvivu asingepanda hata boga, pana mashamba ya kale yenye eneo lipatalo kilometa za mraba 20. Vipande vya mashamba vimegawanywa kwa mistari ya mawe, mstari baada ya mstari, na kati yake imepita mifereji. Juu, mitelemkoni, viko vijiji saba vilivyobomoka, ambamo kila nyumba ilikuwa na kiwanja chake kilichosawazishwa na kushikwa kwa ukuta wa mawe usiporomoke. Watu walikaa na kulima hapo tangu karne ya 15 hivi, au kabla yake kidogo, hata karne ya 18. Ni miaka 300 na zaidi. Katika bara ya nchi yetu hapana kanisa hata moja lililofikisha miaka 200, nasi twajiona kuwa tumekuwapo tangu zamani!

Sasa mwenye shaka atatuuliza kama alivyoulizwa: "Na ninyi, mmejuaje?" Swali ni la haki. Sisi tuandikao haya si wataalamu wa kazi hiyo, tu walimu. Lakini yaliyofanywa huko yameandikwa wazi, na mtu ye yote asomaye aweza kuyafuata.

Wa kwanza kuyaandika mawe hayo katika vitabu vya Ulaya walikuwa wapita njia. Mjerumani Gustav Fischer alipita mwaka 1883, na mwenzake Hans Reck akafika mwaka 1913. Mwaka 1935 alikwenda Louis Leakey, yule aliyejulikana baadaye kwa mifupa ya Olduvai. Leakey alizihesabu alama za nyumba, akakisia kwamba mji huo ulikuwa na watu 30,000, pengine 40,000. Hesabu hiyo ilienea sana, hata leo iko vinywani mwa watu. Lakini haikudumu kwa wataalamu. Hamo Sassoon alichimba huko mwaka 1964 na 1966, na baada yake John Sutton akaja kuitazama nchi yote kwa utulivu, mashamba pamoja na nyumba. Ikaonekana kwamba si nyumba zote zilizokaliwa wakati mmoja. Watu walihama kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine katika muda wa vizazi vingi. Na yale marundo ya mawe yaliyosimama mashambani, ambayo wengine waliyadhania makaburi, yalikuwa ni mawe yaliyookotwa na mkulima alipolisafisha shamba lake, akayapanga vema asipoteze nafasi. Watu 40,000 wakawa elfu chache tu.

Twapenda msomaji asimame hapa kidogo. Wako watakaosikitika kuona hesabu imepunguzwa, kana kwamba sifa ya wazee imepunguzwa nayo. Sisi twaona kinyume chake. Watu elfu chache, kwa mikono na majembe, wakazitengeneza kilometa 20 za mraba za majabali hata zikazaa: hiyo ni sifa kubwa kuliko ya mji wa watu 40,000. Tena twajifunza hapa tabia ya elimu hii, kwamba hairuhusu hata mtu mkubwa kama Leakey kuaminiwa kwa jina lake. Mawe yakimpinga, mawe ndiyo yasikizwayo.

Kazi yao huanza kwa kutembea. Hupita shambani mstari kwa mstari, wakichora kila ukuta na kila mfereji, nao hulinganisha mchoro wao na picha zilizopigwa kutoka ndegeni, kwa kuwa kuna mambo ambayo mtu aliye chini hayaoni, kama vile siafu asivyoweza kuliona umbo la kichuguu. Baada ya hapo huufuata mfereji. Na mfereji, wasomaji wetu wa milimani mwajua, hausemi uongo. Mtu aweza kudanganya kwa maneno, lakini hawezi kuyadanganya maji yapande. Mahali pa kuanzia, mtelemko wake, mahali unapogawanyika mara mbili, mahali ambapo mfereji mpya umekatiza ule wa zamani: mambo hayo huwaonyesha lipi lilikuwa shamba la kwanza na lipi liliongezwa na watoto, na lipi wajukuu.

Na mfereji huonyesha jambo jingine lisiloonekana kwa jicho. Waulizeni wazee wa Kilimanjaro habari za mifongo, au wazee wa Upare wa kusini habari za ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji. Watawaambia kwamba kukata mfereji ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kukubaliana: nani afungue asubuhi na nani jioni, nani asafishe matope, nani atozwe akiiba maji usiku. Mifereji ya kilometa nyingi, yenye mashamba mamia chini yake, haiwezi kuishi hata msimu mmoja pasipo baraza, pasipo sheria, pasipo mzee ambaye neno lake husikiwa. Basi wale wasemao kwamba wazee walikaa kama ndege mtini, na watuambie ndege gani hugawa maji kwa zamu.

Tulilopenda kuliko yote ni habari ya udongo wenyewe. Mwaka 2017 wataalamu wawili, Carol Lang na Daryl Stump, walitoa habari za uchunguzi wao katika mashamba ya Engaruka. Wao hawakuchimba nyumba. Walichimba shamba, wakakata handaki kuvuka kuta za mawe, wakautazama udongo uliolala nyuma yake tabaka kwa tabaka. Katika kazi ya namna hii kipande cha udongo hukatwa kizima bila kuvurugwa, hukaushwa, hunyweshwa gundi hata kikawa kigumu kama jiwe, ndipo huchanwa chembamba kupita karatasi, mwanga ukapenya, kikatazamwa kwa hadubini. Hapo huonekana kama udongo uliletwa na maji ya kasi au ya pole, kama ulikaa wazi ukakauka, kama jembe lilipita. Makaa madogo yaliyomo hupimwa kaboni yake ili ijulikane yaliungua karne gani.

Wakaona nini? Wakaona kwamba sehemu kubwa ya udongo ule haukuwapo hapo zamani. Watu walijenga kuta fupi za mawe kukingama na njia ya maji. Maji yakapunguza mwendo, yakatua tope lake nyuma ya ukuta. Tope likipanda, wakaongeza mawe; likipanda tena, wakaongeza tena. Mwaka kwa mwaka, baba na mwana, shamba likainuka kutoka majabalini. Wasomaji wapenzi, watu hao hawakuukuta udongo wao. Waliutengeneza! Na ndani ya nchi hiyo waliyoitengeneza walipanda mtama, ambao punje zake zilizoungua zimeokotwa. Nao walifuga, maana maboma ya mawe ya kufungia mifugo yamo.

Hapo wenye ubishi, wakikwisha kukubali kwamba kuta zipo na udongo upo, huruka upande wa pili wa mto. "Vema," husema, "lakini hizo zilijengwa na wageni." Wimbo huu ni mkongwe. Mwaka 1933 Huntingford aliandika kwamba mawe na mashimo ya kale ya Kenya yalikuwa ya taifa moja lenye ustaarabu lililokwisha kutoweka, akalipa jina la Waazania, kana kwamba watu waliokuwa wakilima mbele ya macho yake hawakuwa na babu. Lakini mfano mkubwa kupita yote ni ule wa Zimbabwe Kuu. Karl Mauch alipofika huko mwaka 1871 alikata kibanzi cha boriti ya mlangoni, akakinusa, akaona chanuka kama penseli yake, ambayo ilikuwa ya mwerezi. Basi, akasema, huu ni mwerezi wa Lebanoni, na aliyeujenga mji huu ni malkia wa Sheba! Kumbe mti ule ni mti wa huko huko Afrika. Mwaka 1905 Randall-MacIver alichunguza akasema kwamba mji ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha neno hilo. Na bado hata miaka ya 1970 watawala wa Rhodesia hawakutaka lisemwe wazi.

Twaomba Wakristo wenzetu waliangalie sana jambo la Mauch. Habari za malkia wa Sheba na mierezi ya Lebanoni zimo katika Biblia, nasi twazisoma kwa furaha. Ila Biblia haikumwambia Mauch kwamba malkia huyo alijenga kusini mwa Afrika. Hayo aliyatia mwenyewe. Na kila mara tusikiapo mtu akieleza ukuta wa mawe wa jirani kwa kuwataja Waebrania au Wareno, kabla ya kuuliza habari za babu wa jirani huyo, twamkumbuka Mauch na penseli yake.

Kwa habari ya Engaruka, wataalamu huwataja Wasonjo, ambao hujiita Watemi, wakaao kaskazini magharibi ya hapo, na ambao hata leo hulima kwa mifereji na baraza za wazee wa maji. Wengine huwataja Wairaqw. Wanashindana, na acha washindane. Wote hao ni watu wa nchi hii.

Iko hoja ya tatu, na hii ni ya watu waliosoma zaidi, kwa hiyo hutusumbua zaidi. Hawa hukubali kwamba wazee walifanya kazi, lakini husema kazi yenyewe ilikuwa ya kuharibu: walikata miti, walichunga kupita kiasi, wakaila nchi hata mifupa, na ushahidi ni kwamba Engaruka imeachwa. Sutton mwenyewe aliona kwamba maji na udongo vilibebeshwa mzigo mkubwa mno mwishoni. Wengine, kwa mawe yale yale, wameisifu Engaruka kuwa mfano wa kilimo cha kudumu cha kufuatwa leo. Mwaka 2010 Stump aliwaonya wote pamoja: kilimo cha kale cha Afrika ya Mashariki huitwa cha ujinga na hawa, na cha hekima na hawa, nao wote wawili wametoa hukumu kabla shahidi hajasimama. Onyo hilo twalipokea sisi pia, ijapokuwa latukata kidogo. Hatutaki kumwondoa mzee katika kiti cha mpumbavu ili tumpandishe katika kiti cha malaika.

Kwa maana udongo huandika na makosa. Chukueni milima ya Irangi huko Kondoa, ambapo makorongo yamekula nchi hata mtu aweza kupotea ndani yake. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1979 ng'ombe na mbuzi wote wakaamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika. Watu wengi waliamini, na wengine hata leo huamini, kwamba uharibifu huo ulikuwa wa baba zao tu, kosa la wafugaji wa juzi. Ndipo wataalamu wakaupima udongo ulioporomoka na kulala mabondeni. Kipimo chao ni cha ajabu: chembe ya mchanga ikifunikwa isione jua, huweka ndani yake kumbukumbu ya muda iliokaa gizani, na kumbukumbu hiyo yaweza kusomwa kwa mwanga. Wakaona kwamba udongo wa huko uliporomoka sana miaka ipatayo 14,500 iliyopita, kabla hapana jembe wala zizi, kwa mabadiliko ya mvua na ukame. Kisha ukaporomoka tena kuanzia miaka kama 900 iliyopita, na safari hii mkono wa mkulima na mfugaji umo. Huko Upare wa kaskazini pia udongo wa mabondeni umesomwa, ukatoa habari za miaka 2,000 ya kilimo, ya wafua chuma na makaa yao, na ya misafara iliyonunua chakula njiani.

Basi mzee wa Kondoa aliyenyang'anywa ng'ombe wake mwaka 1979 alihukumiwa kwa deni ambalo sehemu kubwa yake ilikopwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Hatusemi kwamba makorongo hayakuwapo, wala kwamba mifugo haikuyazidisha, wala kwamba nyasi hazikurudi mifugo ilipoondoka. Twasema kwamba amri hiyo ilitolewa pasipo kuisoma ardhi, na aliyeisikia hakuwa na kitu cha kujibu, kwa kuwa naye alikuwa ameaminishwa kwamba baba yake hakujua kutunza kitu. Hapa ndipo lile neno la kuchekesha la barazani linapokwisha kuchekesha. Mtu aliyekubali kwamba wazee wake hawakuifanyia nchi kazi atasema nini siku atakapoambiwa kwamba nchi ni tupu, haina mwenyewe, na ahame? Atainamisha kichwa. Aliyejua kwamba udongo huu ulibebwa na kukingwa na watu atauliza walau swali moja kabla ya kuinuka.

Wako pia ndugu zetu waaminio ambao huogopa. Husema kwamba kuyatafuta mambo ya kale ni kurudi kwenye matambiko, na kwamba mawe yale yana mizimu. Twaiheshimu dhamiri yao, lakini twawauliza kama wameisahau habari ya Isaka. Wafilisti waliviziba kwa udongo visima alivyochimba Ibrahimu. Isaka alivifukua tena, naye aliviita majina yale yale aliyoyaweka baba yake. Hakuvisujudia visima. Alikunywa maji.

Tukisema juu ya kuziba visima, hatuna budi kutaja wanaoviziba leo, na hapa hatuna upole.

Wako watu, na wengine twaketi nao kanisani, ambao wakiona rundo la mawe la kale huleta sururu. Wameambiwa kwamba Wajerumani walipokimbia katika vita ya 1914–1918 walifukia dhahabu chini ya mawe yenye alama. Basi usiku hufumua kuta, hufukua viwanja vya nyumba za kale, huchimba mashimo kama ya nguruwe pori, na asubuhi huwa hapana dhahabu, na hapana ukuta. Wajerumani gani waliofukia dhahabu chini ya shamba la mtama la karne ya 16! Watu hao hawajui walichotupa. Mwanaakiolojia hapati habari kutoka kwa kitu peke yake. Aipata kutokana na mahali kitu kilipolala, juu ya nini na chini ya nini. Kigae kikiwa mahali pake ni shahidi. Kikiwa mkononi mwako ni kigae. Huko Zimbabwe Kuu mwaka 1902 alipewa ulinzi Richard Hall, naye kwa muda wa miaka miwili aliondoa udongo kwa kina cha mita moja na pengine kupita mita tatu, akiuona kuwa takataka zilizofunika kazi ya wageni wake wa kale. Takataka zile ndizo zilizokuwa habari ya wenye mji. Caton-Thompson alipokuja alilazimika kutafuta gofu ambalo mkono wa Hall haukulifikia. Hall alikuwa na cheo na mshahara wa serikali. Wetu wana sururu na kurunzi. Hasara ni moja.

Wachukuao mawe kwa kujengea ni wengine, nasi hatuwaweki katika kundi moja na wale. Mtu mwenye watoto sita na nyumba ya miti huona mawe yaliyokwisha kukusanywa, naye asema mawe hayaliwi, hayavaliwi, acha nijengee msingi. Tungekuwa yeye huenda tungefanya vivyo hivyo. Huko Engaruka penyewe wakulima wa sasa humwagilia kutoka mto ule ule, na majembe yao yamekwisha kufunika sehemu ya mashamba ya kale. Nani atawaambia wafe njaa kwa ajili ya mistari ya mawe? Hatuwaambii hivyo. Twaomba jambo dogo zaidi, ambalo kila mwalimu na kila mzee wa kanisa aweza kulitenda.

Kabla mawe hayajaondoka, na yachorwe. Mwalimu achukue watoto wa darasa la sita, kamba iliyopimwa, na karatasi. Wapime ukuta una urefu gani, umekabili wapi, mfereji ulio karibu unatoka wapi na unashuka kwenda wapi. Wawaulize wazee wanapaitaje mahali hapo, maana jina la mahali mara nyingi hukumbuka maji yaliyokwisha kukauka. Wanaolima mahali penye mistari ya mawe na waache walau mstari mmoja mzima kutoka juu hata chini, usiokatika, kwa kuwa mstari mmoja mzima una faida kuliko kumi iliyovunjika. Asichimbe mtu: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba pasipo kibali, na sheria hiyo yamhusu mwenye sururu ya dhahabu sawasawa na profesa. Na kama ukuta umekwisha kubomolewa, msiyarudishe mawe kwa kukisia, mkaupanga upya upendeze macho. Yaacheni yalipoanguka, andikeni siku na mahali, mkaipeleke habari kwa afisa utamaduni wa wilaya pamoja na mchoro wa watoto, nanyi mbakize nakala yake katika sanduku la shule.